Laptopu ya shule imegoma kuwaka? Usikimbilie kupiga Windows

Juzi usiku kijana mmoja mwalimu kaniandikia: "Shikamoo kaka. Laptopu niliyopewa na shule imeleta skrini nyeusi, imeandika grub. Mkuu hajajua. Niipeleke kwa fundi apige Windows?" Nikamjibu palepale: usiipeleke popote.

Najua wengi mnaonisoma mna kiu kama yake. Mchana mnafundisha, usiku mnajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mmeiweka kimyakimya pembeni ya Windows kwa sababu laptopu ya shule ndiyo pekee mliyonayo.

Yangu iligoma msimu wa mock ya kidato cha nne. Diski ilikuwa imejaa, nikafungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawia diski, nikafuta patisheni ya Ubuntu, yaani kile kipande cha diski ilichokaa, ili nafasi irudi kwa Windows. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni GRUB, ile programu inayoiamsha kompyuta: yenyewe hukaa kwenye patisheni ndogo ya kuwashia iitwayo EFI, lakini mipangilio yake imo ndani ya Ubuntu. Ukiifuta Ubuntu, GRUB inaamka, inatafuta mipangilio, haioni, inabaki na alama ya grub> ikisubiri uandike kitu. Windows haijaguswa. Mafaili yote yapo.

Wakati huo hakuna aliyeniambia hayo, na ofisi ya taaluma ilikuwa inadai alama. Fundi mmoja karibu na stendi aliitazama kwa muda usiotosha hata kumenya chungwa, akasema, "Mwalimu, hii imekufa, tunapiga window." Jioni nikaichukua inawaka vizuri, haraka kuliko zamani, na kwenye skrini limebaki pipa la taka peke yake. Alama, maandalio ya masomo, mitihani niliyoitunga kwa miaka, vyote vimekwenda. Ofisini wakaanza kuniita Injinia. Mpaka leo wapo wanaoniita hivyo, na si kwa heshima.

Kilichoniuma zaidi ni kuja kugundua kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Kwenye kompyuta zinazotumia UEFI, mfumo mpya wa kuwashia ulio kwenye karibu kompyuta zote za miaka hii, Windows ina njia yake ya kuwaka isiyopitia GRUB. Ukiona grub>, andika exit, bonyeza Enter; mara nyingi Windows inafunguka. Ikikataa, izime, iwashe huku ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, kisha chagua Windows Boot Manager. Ikishawaka, ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta yenyewe, uipandishe Windows iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuwaka. Nimeshawafanyia wenzangu hivyo, wakiwemo walionicheka, na sikuwadai hata soda.

Ila ikikuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski, usibahatishe. Kompyuta iliyosajiliwa kwa akaunti ya shule, ufunguo wake kwa kawaida anao anayesimamia akaunti hizo. Hapo nenda kwa mkuu, tena asubuhi na mapema. Ndugu zangu, acheni kufichaficha mali ya shule! Mnaogopa kukatwa mshahara, mnaibeba kompyuta kwenye mfuko wa rambo hadi kwa fundi, mnarudi bila alama za watoto wa watu. Halafu mkuu anajua tu. Sema mapema. Nasema tena, sema mapema.

Na kama Windows yenyewe ndiyo imekufa, tafuta flashi ya GB 8, kwenye kompyuta nyingine iwekee Ubuntu kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia, kisha washa kompyuta yako kupitia hiyo flashi, chagua kujaribu tu bila kusakinisha. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Ndipo Windows ipigwe.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, andika USIFOMATI kwenye karatasi, ibandike juu ya kifuniko. Akisema haiwezekani, mwombe kwanza akuonyeshe kama Windows Boot Manager ipo kwenye orodha. Akianza kufoka, chukua kompyuta yako uondoke.