Soma ngama kabla ya kusi

Kila tanga mbili, pepo zinapobadilika na kusi, yaani upepo mkali wa kusini, ikikaribia, wenye mashua hapa Mkokotoni, Unguja, huniuliza kama vyombo vyao vitauvuka msimu. Nami huwauliza: asubuhi unafua, yaani unachota na kumwaga nje, ndoo ngapi za maji, na mwezi uliopita ulikuwa ukifua ngapi?

La pili wengi hawana jibu. Chombo cha mbao lazima kiingize maji kidogo. La kuogopa ni maji kuongezeka na wala hukugonga mwamba. Basi weka daftari. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, fua ngama, yale maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, kwa ndoo ile ile, uandike. Leo ukifua kikiwa kitupu na kesho kikiwa na mzigo, hesabu yako haina maana. Idadi ikipanda wiki hadi wiki, kipandishe pwani bamvua ijayo, maji yakijaa sana, hata kama kwa macho ni kizima.

Kikishakaa mkavu, anza na misumari. Kutu ya msumari huiozesha mbao inayouzunguka. Utaona duara jeusi na rangi imevimba. Chokoa hapo kwa ncha ya kisu. Kikizama bila kushindana, msumari ule haushiki tena taruma, ubavu wa ndani wa chombo. Mimi hung'oa mmoja hapo hapo: kichwa unaweza kukikuta kizima, na shina lililo ndani ya mbao limebaki jembamba kama sindano.

Halafu chukua nyundo, uende nayo taratibu toka omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Mbao nzima hulia ngumu, iliyoliwa hutoa sauti ya mvungu. Usifanye haraka karibu na mkuku, gogo la chini kabisa la chombo. Mdudu wa baharini huingia angali mchanga kwa tundu ambalo hulioni vizuri, akakulia ndani akifuata nyuzi za mbao, na tundu la nje likabaki dogo vile vile. Kuchoma kwa makuti na kupaka deheni, mafuta ya kukinga mbao, kunamzuia. Alichokwisha kula hakirudi, ubao huo utolewe.

Sehemu za juu huharibiwa na mvua, maana maji matamu huozesha mbao kuliko ya chumvi. Kagua kila pembe ambapo maji ya masika hutuama.

Wenye vyombo vya chuma au aluminiamu, tazameni kona kali na maungio ya kuchomelea. Nguvu za mawimbi hukusanyika hapo, na kila wimbi huurefusha ufa kidogo. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu ikatike vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Baridi ilikuwa imekifanya chuma chake kiwe rahisi kupasuka, na ufa ulianzia kwenye maungio mabovu. Bahari yetu haina baridi ile, ila maungio mabovu tunayo. Ukiona mchirizi wa kutu ukitoka kwenye mstari mwembamba uliopasua rangi, usiupake rangi juu. Mwite mkaguzi siku hiyo hiyo, na abiria wasipande mpaka aseme.