Abiria wapande kwanza, ndipo ugonge bati

Wiki hii tena, hapa ofisini Mwanza, nimemwona kijana akibandika neno volatile kwenye pointa ya draiva (programu inayoongoza kifaa) ya kadi ya picha, GPU, kwenye Linux, skrini ikatulia mara tatu, akasema draiva imepona. Wadogo zangu, nawapenda, ila kosa hili, la kudhani volatile inapanga foleni ya maandishi kwenda kwenye kadi, nimelichoka.

1. Rejista, yaani vitufe vya kuamrisha kadi, hufunguliwa kwa ioremap; memori ya picha kwa ioremap_wc, inayokusanya maandishi kwenye bafa kabla ya kuyatuma (write-combining, WC). Msichanganye.

2. Volatile inaibana kompaila tu, ile programu inayogeuza msimbo kuwa wa mashine. Prosesa haina habari nayo. Hili nililijua kwa machungu. Draiva yangu ya kwanza ilikuwa inaandika amri kwenye bafa ya duara (foleni inayojirudia) ndani ya memori ya kadi, ramani ya WC, kisha inapiga kengele, yaani inaandika rejista inayoiambia kadi ianze kazi, kwa writel_relaxed, uandishi usiolinda mpangilio, kwa sababu nilisikia ni nyepesi. Kwenye kompyuta ya mezani, yenye prosesa ya x86, ilikimbia wiki nzima bila kukohoa. Kule, ukiandika rejista isiyopita kwenye keshi, bafa za WC humwagwa kwanza. Mimi nikadhani ni umahiri wangu. Nikaichomeka kadi ileile kwenye bodi yenye prosesa ya ARM: fremu kadhaa, kisha GPU inaganda, imesoma amri za mzunguko uliopita. Nikaweka printk, amri ya kuchapa ujumbe, ikapona. Nikaitoa, ikaganda. Siku kumi na moja! Nikawaandikia watengenezaji kwamba chipu yao ni mbovu, kwa maneno makali ambayo mpaka leo yananiuma.

Mzee wa timu yetu alisoma msimbo akiwa amesimama, akauliza, “Kengele umeipiga abiria wakiwa wapi?” Sikumwelewa. Jioni tukiwa stendi ya Buzuruga akanionyesha konda: akigonga bati mara mbili, dereva anang'oa gari, hageuki kuhesabu vichwa. GPU ndiye dereva huyo. Prosesa ya ARM ina ruhusa ya kufikisha kengele kabla ya amri, na printk ilikuwa inanichelewesha tu, abiria, yaani amri, wakapata muda wa kupanda. Dawa ilikuwa mstari mmoja kabla ya kengele: wmb, kizuizi kinachohakikisha maandishi ya kabla yake yanatangulia. Usiku uleule niliwaandikia wale watu tena, kuomba radhi.

3. Writel (amri ya kuandika rejista) ikirudi, maandishi yanayopita PCI, njia ya kufikia kadi, yanaweza kuwa bado njiani. Ukihesabu muda wa riseti (kuanzisha kifaa upya), soma kwanza rejista ya kifaa hichohicho, ili maandishi yafike.

4. Msisome pikseli kutoka memori ya WC. Ni polepole mno.

5. PAGE_SIZE, ukubwa wa ukurasa wa memori, si lazima iwe baiti 4096. Kwenye ARM64 (ARM ya biti 64) kerneli, kiini cha Linux, inaweza kujengwa kwa kurasa za KB 64, na mmap yako, inayoipa programu memori ya kadi, ikavunjika.

6. Kila kizuizi kiwe na komenti: andiko lipi linatangulia lipi. Nikikuta wmb tupu, bila komenti, nairudisha kazi, hata kama ni saa kumi na moja Ijumaa na mmeshabeba mabegi.

Kijana wetu ameshaitoa ile volatile. Leo usiku draiva yake inalala ikizunguka kwenye bodi ya ARM, bila printk hata moja.