Ukienda Kariakoo kujumua, anza na barabara

Wengi wanaoanza biashara ya madera au nguo za watoto huniuliza duka gani Kariakoo, Dar es Salaam, lina bei nzuri. Siwatajii duka. Nawaambia washuke Msimbazi asubuhi, siku ya kazi, waingie Mtaa wa Kongo na wapite hadi mwisho bila kununua kitu.

Mzigo ule ule unaoning'inia dukani umetandazwa pia chini na machinga. Mara nyingi kauchukua fremu (chumba cha duka) iliyo nyuma yake, au stoo ya ghorofani. Anataka mzigo utoke upesi, kwa hiyo bei anayoipigia kelele inakupa picha ya soko la siku hiyo. Ukishajua dera fulani linatoka kwa ngapi rejareja pale chini, nani atakupiga kwenye jumla?

Kisha atakuja winga, yule dalali wa mtaani anayepeleka wateja madukani. Atakuita bosi, atakuita dada yangu, hujajibu keshakuonyesha njia. Watu humtukana, mimi simtukani. Anajua kontena jipya limeshushwa wapi, na mgeni anayetafuta kitu adimu atazunguka hadi jioni bila yeye. Ila ana cha juu chake, na wewe ndiye unayekilipa. Kwa bidhaa za kawaida ingia dukani mwenyewe.

Ukifika, uliza jumla inaanzia pisi ngapi, na kama unaruhusiwa kuchanganya saizi na rangi. Hilo la kuchanganya ndilo la kuling'ang'ania, kuliko punguzo la shilingi mia tano. Saizi zisizotoka hulala na mtaji wako. Hesabu pisi mwenyewe kabla robota halijafungwa, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiiache.

Halafu usidhani soko ni lile jengo la Soko Kuu tu. Eneo hili lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Jengo alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021, na mitaa inayolizunguka ikaendelea kuuza. Huko sokoni, pamoja na shimoni (sehemu yake ya chini ya ardhi), wengi walifuata vyakula na pembejeo. Simu utazikuta Mtaa wa Aggrey, khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru. (Sidiria na soksi ziko kila mahali, hata usipozitaka.)

Mzigo mdogo mpe mtu wa guta (baiskeli au pikipiki ya matairi matatu), mkubwa tafuta kirikuu (pikapu ndogo), na mpatane kabla haujapakiwa. Kama unakwenda mkoani kwa basi, andika jina na simu ya mpokeaji kwa maka peni pande zote mbili za robota, maana karatasi ya kubandika hubanduka njiani. Noti usizihesabie barabarani. Lipa kwa simu ukiwa ndani ya fremu, na usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri.