Kabla ya kulipia sabufa, isome mgongoni

Huku kwetu Mwanga, Kigoma, mtu akitaka kununua sabufa, yaani redio yenye spika na kasha la besi, mara nyingi huniomba nimsindikize dukani. Maandishi makubwa ya mbele ya boksi mimi huwa nayaruka. Hapo ndipo huandikwa "wati 10,000 PMPO", na muuzaji huitaja namba hiyo kwa sauti ili bei isikushtue. PMPO ni kilele cha nguvu cha kitambo kidogo mno, tena hakuna kanuni moja ya kukipima, kwa hiyo kila kiwanda huandika kinavyopenda. Ulizia RMS. Hizo ndizo wati ambazo redio inaweza kuzitoa mfululizo.

Muuzaji akisema hazijui, igeuze redio. Mgongoni kuna kibandiko kinachoonyesha volti na wati inazovuta. Redio inayovuta wati 60 haiwezi kukutolea 10,000 mfululizo. Umeme hauzaliani humo ndani. Na usidharau namba ndogo: kwa sebule ya kawaida, wati 40 za RMS zinatosha kabisa kumgombanisha mtu na jirani.

Halafu kuna 2.1 na 5.1. Namba ya mbele ni idadi ya spika, hiyo 1 ya mwisho ni kasha la besi. Katika 5.1, spika mbili hukaa mbele kushoto na kulia, moja katikati kwa ajili ya mazungumzo, na mbili pembeni au nyuma yako kidogo. Shida ni kwamba watu wengi huiunganisha kwa waya mwekundu na mweupe kutoka kwenye luninga. Waya hizo mbili hubeba njia mbili tu za sauti. Spika zilizobaki zitalia, ndiyo, lakini zinarudia kilekile au redio inabuni. Ukitaka 5.1 ya kweli, filamu yenyewe iwe imerekodiwa hivyo, kisha sauti ipite kwenye HDMI (waya mmoja unaobeba picha na sauti) au waya wa optiki, unaopitisha sauti kwa mwanga. Kwa HDMI, tafuta tundu la luninga lililoandikwa ARC. Hilo ndilo linalorudisha sauti kwenye redio, na redio nayo lazima iwe na ARC. Kama kwako ni mpira na taarifa ya habari, mimi ningekuambia uchukue 2.1 nzuri, uachane na 5.1 ya bei ya kutupa.

Upande wa picha sina mengi. HD kamili ni picha yenye nukta 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Luninga nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina 1366 kwa 768 tu, ingawa stika inasema HD. Lakini kabla hujaitupia lawama luninga, tazama king'amuzi kimeungwa kwa waya gani. Waya wa njano, ule wa picha unaoambatana na mwekundu na mweupe, haupitishi picha ya HD hata kidogo. Kama king'amuzi chako ni cha HD, nunua waya wa HDMI, uchomeke, kisha ingia kwenye mipangilio yake uchague 1080.