Jibu: Kiungio cha kuvutia sleji kwenye daraja la inchi 26, nishushe au niache juu?

Mkuu, umeuliza hivi: pikapu ya dizeli 4x4, paundi 8,000, ekseli ya mbele hadi ya nyuma inchi 140, daraja (kundi la mashindano ya magari kuvuta sleji) lenye kikomo cha inchi 26 kwa kimo cha kiungio kutoka ardhini. Pua, yaani mbele ya gari, inanyanyuka ukifika futi 200 na matairi ya mbele yanazunguka bure. Fundi amekushauri ushushe kiungio hadi inchi 23. Mimi nasema usishushe. Kiungio kibaki juu kadiri sheria inavyoruhusu, kijengwe kisiyumbe, na pua ushughulike nayo kwa njia nyingine. Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo inayoamua mambo yote ya ujenzi.

Sleji, ule mzigo wa mashindano unaoburuzwa na gari, inaanza na sanduku la uzito likiwa nyuma, juu ya magurudumu yake. Kadiri unavyosogea, sanduku linapanda kuja mbele na uzito unahamia kwenye bamba linaloburuzwa ardhini. Kwa hiyo nguvu kwenye mnyororo unaofunga sleji na kiungio inaongezeka mpaka karibu na futi 300, na ndiyo maana pua yako iko sawa mwanzoni na inakuacha mwishoni.

Tuchukue mvuto wa paundi 6,000. Ukivutwa kwa nyuma kwenye kimo cha inchi 26, unapata 6,000 × 26 ÷ 140, yaani kama paundi 1,114 zinazotoka kwenye ekseli ya mbele kwenda ya nyuma. Kila inchi moja ya kimo ni paundi 43. Tuseme sasa mnyororo una futi 10 na upande wa sleji uko chini kuliko kiungio kwa inchi 10. Mteremko huo unaivuta pikapu kuelekea ardhini kwa takriban paundi 500. Hiyo ni nguvu ya bure kwenye matairi, isiyohesabiwa kwenye mizani, na papo hapo mnyororo unalinyanyua kidogo bamba la sleji. Ukishusha kiungio inchi 3, mteremko unabaki inchi 7 na zile 500 zinakuwa 350. Umeokoa paundi 129 za pua kwa upande wa kimo, ila umetupa paundi 150 za mshiko. Biashara mbovu.

Linganisha na chuma cha uzito cha kuning'iniza mbele. Paundi 100 ukizitoa juu ya ekseli ya nyuma na kuzitundika inchi 50 mbele ya ekseli ya mbele, pua inaongezeka 100 × 190 ÷ 140, kama paundi 136. Yaani paundi 100 tu zilizohamishwa zinakupa zaidi ya kile ulichotaka kwa kushusha inchi 3, na mteremko wa mnyororo hujaugusa. Kama ndani ya bodi kuna chuma chochote, hicho ndicho cha kwanza kuhama. Madaraja mengi yana kikomo cha umbali wa chuma cha mbele, kwa kawaida inchi 60 kutoka katikati ya ekseli, kwa hiyo soma kitabu cha sheria cha waandaaji wako kabla hujachomelea mabano. Gari lisilovuta lipime mizani ya kila ekseli. Mimi ningeanza na asilimia 60 mbele, maana kwa mfano wetu 4,800 za mbele zitabaki kama 3,530 mvuto ukikolea (toa zile 1,114, kisha 157 za mteremko zinazofuata hapa chini), na za nyuma zitakuwa karibu 4,970.

Sasa urefu wa kiungio kwenda nyuma, yaani kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi pale ndoano inaponasa. Watu wanabishana sana hapa kuliko inavyostahili. Kinachofanya kazi kwenye umbali huo ni zile paundi 500 za mteremko peke yake. Ukiwa inchi 44 nyuma ya ekseli zinanyanyua paundi 157 za pua, ukiwa inchi 60 zinanyanyua 214. Tofauti ya inchi 16 nzima ni paundi 57. Kifupi ni bora, basi nenda kwenye kiwango cha chini kinachoruhusiwa na daraja lako (wengine wanaandika inchi kamili, wengine asilimia ya nafasi kati ya ekseli), lakini usitoboe chasi upya kwa ajili ya inchi 2.

Kinachokula watu kimya kimya ni gari kukaa chini nyuma. Unapimwa inchi 26 likiwa limesimama, halafu mvuto unabana springi. Nyuma ikishuka inchi 2 na pua ikipanda 1, kiungio kilichoko inchi 44 nyuma ya ekseli kinashuka karibu inchi 3. Umeshavuta ukiwa na 23 bila kujua, na sehemu ya ule mteremko imekwenda. Kama daraja lako linaruhusu kuzuia springi, weka vizibo vya chuma au mpira mgumu kati ya ekseli na chasi, kulia na kushoto sawasawa, bila mwanya gari likiwa kwenye uzito wake wa kuvutia. Kizibo cha upande mmoja kikiwa kirefu hata kwa robo inchi, gari litaelekea pembeni mwa njia. Kama hairuhusiwi, ongeza majani ya springi na fimbo za kuzuia ekseli isijipinde. Kuruka-ruka kunakovunja shafti mara nyingi kunaanzia hapo hapo.

Ujenzi. Kwanza sahau bampa, na usiamini kiungio cha dukani kwa sababu kimeandikwa paundi nyingi za kuvuta tela. Tela linakuja nyuma yako kwa magurudumu. Sleji inakuzuia kwa nguvu zote ulizonazo, na mnyororo ukilegea kisha ukakaza ghafla unapata pigo kubwa kuliko hesabu yoyote ya hapo juu. Daraja lako likilazimisha kiungio cha aina ya soketi (bomba la mraba la kuchomekea), kikaze kwa mabamba ya ziada na mihimili. Mara nyingi hilo wanaliruhusu.

Kwenye gari lililoinuliwa, chasi ya nyuma iko juu ya inchi 26, kwa hiyo kiungio kinaning'inia chini yake. Tuseme kinashuka inchi 8. Paundi 6,000 × 8 zinataka kukizungusha, sehemu ya chini ikienda nyuma. Ukifunga bolti zote ndani ya inchi 6 za mwisho wa chasi, kila kundi la bolti, la mbele na la nyuma, linabeba paundi 8,000 za kung'oa. Ukitandaza mabamba ya pembeni mpaka nafasi ya kufungia iwe inchi 24, zinashuka kuwa 2,000. Ndiyo sababu mabamba yawe marefu, ya unene wa inchi 3/8, yakilala kwenye ubavu wa chasi, na ndiyo sababu unahitaji mihimili miwili ya mshazari: inaanzia chini kwenye kiungio na kupanda kwenda mbele hadi kwenye chasi, karibu na ekseli. Mihimili hii inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo bomba la mraba la inchi 2 lenye unene wa robo inchi linatosha, mradi ncha zake ziwe na masikio (vibamba vya kufungia) mazuri.

Toboa ubavu wa chasi tu. Kingo za juu na chini usiziguse kwa keekee wala kwa moto. Bolti za daraja la 8, inchi 5/8, sita kila upande, matundu yasizidi bolti kwa zaidi ya 1/32. Kama chasi ni ya boksi, pitisha bushi ya bomba ndani ya kila tundu, vinginevyo ukikaza unaiminya chasi na baada ya mivuto michache bolti zimelegea. Tundu likishaanza kuwa yai, nguvu yote inahamia bolti moja, nayo inakatika.

Mhimili wa katikati, kutoka chasi moja hadi nyingine, tumia bomba la mraba la inchi 3, unene 3/8. Ulimi wenyewe, yaani kipande chenye tundu la ndoano, uwe bamba la unene wa inchi 1 nzima. Usiubandike usoni kwa mhimili. Kata mhimili, upitishe ulimi katikati, kisha chomelea mbele na nyuma. Ulimi uliobandikwa unategemea mshono mmoja unaovutwa, na nyufa zinaanzia ukingoni mwa mshono huo huo. Tengeneza mfereji wa V, pasha moto bamba nene mpaka mkono usivumilie kuligusa, tumia elektrodi 7018 kavu, na uache ipoe yenyewe. Maji hapana.

Tundu la ndoano: kipimo kinachotajwa sana ni inchi 3.75 za upana wa ndani. Acha angalau inchi 1.5 za chuma kila upande, na zaidi kidogo nyuma, kwa sababu pale ndipo ndoano inapokaa na pale ndipo chuma kinapojipinda. Zungusha kingo kwa grainda ili ndoano igeuke bila kukwama. Ulimi ulale sawa na ardhi, ujaribu kwa pima maji, na usicheze upande wowote. Ukitaka uweze kubadili kimo, weka matundu ya bolti kila inchi moja kwenye mabamba ya pembeni. Usitumie pini, maana pini inaacha mwanya na wakaguzi wengi wataikataa.

Katikati yake uipate kwa kupima kutoka ncha za ekseli kwa timazi. Bodi na bampa mara nyingi vimekaa upande. Nyuma ya ulimi kuwe wazi kabisa, mtu wa kufunga mnyororo asilazimike kuingiza kichwa chini ya gari, na waya wa kuzima injini upite mahali ambapo ndoano haiwezi kuusugua.

Kimo kipime gari likiwa kamili: chuma cha mbele, mafuta, dereva kitini, upepo wa matairi ule ule wa kuvutia. Kushusha upepo peke yake kunaweza kuondoa nusu inchi au zaidi. Lisukume mbele na nyuma likae, kisha pima kwenye sakafu ya zege, kutoka chini hadi juu ya chuma kinachokamatwa na ndoano. Lenga 25⅞. Ile thumuni ya inchi uiache kwa ajili ya ardhi ya pale uwanjani, ambayo haiko sawa.

Ukishahamisha chuma chote kinachoruhusiwa mbele, vizibo vimekaa, na bado pua inapanda, hapo shusha inchi 1, vuta, angalia alama za matairi ya mbele kwenye udongo. Zikiwa na kina sawa na za nyuma hadi mwisho, acha hapo. Na baada ya kila mashindano pitisha brashi ya waya kwenye mishono ya ulimi na masikio ya mihimili. Ufa unaoonekana kama unywele usiujazie juu, sagia mpaka uishe kisha uchomelee upya.