Muulize Fundi: Spika mbili, fundi mmoja, mbona hazilingani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nafundisha kwaya hapa Morogoro. Spika zetu mbili za inchi 12 ziliungua, fundi akazifunga koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) na koni (ile karatasi inayotikisika) mpya. Sasa moja ina besi nzito, nyingine nyepesi, na sauti za waimbaji zinavutwa upande wa hiyo nyepesi. Fundi anasema kazi ya mkono haifanani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwalimu. Ni kweli nusu. Hata BBC ya Uingereza, kwenye spika yao ndogo LS3/5A ya miaka ya 1970, waliweka transfoma yenye matawi, yaani sehemu kadhaa za kuunganisha waya, ili kiwango cha twita (kile kispika cha sauti nyembamba) kirekebishwe spika kwa spika. Kufanana hakuji kwenyewe. Lakini kunatafutwa, na ndiyo kazi mliyomlipa.

Kwanza badilisheni nyaya, ya kulia iende kushoto. Besi nzito ikibaki kwenye spika ileile, amplifaya haina kosa. Kisha chomoeni nyaya mpime kwa mita ya umeme omu, yaani ukinzani wa koili: spika ya omu 8 husoma kama 6. Moja ikisoma 3 na kitu, mmefungiwa koili ya omu 4, irudi.

Zikilingana, mimi nashuku gundi. Koni ya inchi 12 pamoja na koili yake inaweza kuwa na gramu 50 tu. Kuna jozi niliifunga, moja Ijumaa jioni, ya pili Jumatatu kwa kopo jipya la gundi nzito. Masikio yalikataa. Nikazifumua, nikaweka koni kwenye mizani ya sonara: tofauti gramu 5! Kwa uzito ule, mlio wa asili wa spika, ule ambao koni hutikisika kwa urahisi zaidi, unashuka kutoka hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) hadi kama 48, na sauti inapungua karibu desibeli 1.

Tangu siku ile jozi naifunga siku moja. Gundi naivuta kwa bomba la sindano, kipimo kilekile kwa zote mbili. Koili zote natoa waya kwenye roli moja, nahesabu mizunguko kwa sauti, na mtu akinisalimia simwitikii mpaka nimalize.

Kinachonisumbua zaidi ni spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoshika koili. Za pakiti moja hutofautiana ugumu. Natandaza kadhaa, naweka uzito uleule juu ya kila moja, nachagua mbili zilizobonyea sawa. Zikishafungwa nazipigisha mlio wa chini saa kadhaa zilainike ndipo nipime.

Kupima mnaweza wenyewe. Toeni spika kwenye boksi. Simu yenye programu ya kutoa mlio iingie kwenye amplifaya, waya wa kwenda kwenye spika upitie rezista ya omu 1,000, na mita ya volti za AC ikae kwenye miguu ya spika, pale nyaya zinapofungwa. Anzeni hezi 20 mpande taratibu. Pale volti zinapofika kilele ndiyo hezi za mlio wa asili wa spika hiyo. Tofauti ya hezi 2 au 3 mimi huiacha, kama masikio yanakubali. Ikifika 10, hiyo kazi irudiwe.

Halafu pigeni rekodi ya mwimbaji mmoja, mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili), ukae katikati. Asikike katikati ya spika kabisa. Kwa kwaya hili nalitazama kuliko besi.

Mwambie fundi aanze na ile nyepesi: tone la gundi chini ya kofia, kile kifuniko cha katikati ya koni, apime, aongeze kidogo, apime tena. Ile nzito haipungui bila kufumuliwa.