Walii, mtakatifu na Mkuu wa Wilaya

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mbeya. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameandika kwenye insha: "Waislamu nao wana watakatifu wao, ambao huitwa mawalii." Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Uislamu hauna watakatifu." Mwalimu mwenzangu, Mwislamu, aliliona daftari akasema nimekosea mimi, si mtoto. Kesho yake mwalimu mwingine, Mwislamu vilevile, akasema niko sahihi kabisa. Nimebaki njia panda. Je, watakatifu wapo au hawapo katika Uislamu? Na neno la kuandika ni lipi?

JIBU: Mwalimu, pole na kalamu nyekundu. Wenzako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja alijibu swali lake. Wa kwanza alisikia "mawalii", na hao wapo, wametajwa ndani ya Kurani yenyewe. Wa pili alisikia "watakatifu", na hao hawapo kwa maana ambayo mtu wa Mbeya hulipa neno hilo. Mtoto wako aliyatia maneno mawili kwenye gunia moja.

Tuanze na neno ulilolipigia mstari. Mtakatifu ni neno lililozaliwa kwetu, halikuletwa na jahazi. Kitenzi chake ni kutakata, yaani kuwa safi kabisa: kanzu iliyofuliwa na kuanikwa juani mpaka ikawa nyeupe pee, hiyo imetakata. Hapo tukapata kutakasa, na kutakatisha pia, ambalo siku hizi hulisikii sana nje ya mahakama, maana kosa la kuzisafisha fedha haramu linaitwa utakatishaji fedha. Tia kiambishi -ifu, kilekile kilichotupa mwaminifu na msahaulifu, unapata -takatifu. Kwa asili yake, basi, mtakatifu ni mtu asiye na doa.

Makanisa yakalichukua na kulipa kazi mbili, na hapo Mbeya kazi zote mbili zinapishana barabarani kila Jumapili. Kwa Mkatoliki, Mtakatifu ni cheo. Kina ngazi zake na uchunguzi wake, na mwisho kuna siku ya kutangazwa. Mwalimu Nyerere tangu 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu, nayo ni ngazi ya chini. Mwenye Heri iko mbele yake, na Mtakatifu iko mbele zaidi. Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walishaipanda ngazi yote: Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Lakini mwendee Mmoraviani wa Rungwe, ambako misheni yao imekuwapo tangu 1891, umuulize watakatifu ni akina nani. Huenda akakufungulia barua ya Paulo kwa "watakatifu walioko Efeso", watu waliokuwa hai, wenye watoto na madeni dukani. Kwake, watakatifu ni waumini wote. Kwa hiyo hata kabla hatujafika msikitini, neno lako tayari lina maana mbili. (Kile kifupisho cha "Mt." nacho kina vituko vyake: kwenye ubao wa parokia ni Mtakatifu, kwenye ramani ya Kiingereza ni mlima.)

Sasa Mwislamu. Halikatai neno hili. Analiweka juu sana. Al-Quddus, mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, kwa Kiswahili huwa ni Mtakatifu. Bonde la Tuwa, Musa alikoambiwa avue viatu, ni bonde takatifu. Ila ukimshusha huyo Mtakatifu ukamweka mbele ya jina la mwanadamu, masikio ya Mwislamu yanasimama. Hata kitabu na mwezi vimepewa neno jingine. Ingia duka la vitabu utazame majalada: Biblia imeandikwa Takatifu, Kurani mara nyingi imeandikwa Tukufu. Mwezi wa Ramadhani nao ni mwezi mtukufu. Tukufu linatoka kwenye kutukuka, kuwa na hadhi ya juu, na halina habari ya doa wala usafi. Sidhani kuna baraza lililokaa likagawa maneno haya. Wasemaji wamegawana wenyewe, na mgawo wao umeshika kuliko maamuzi mengi ya mabaraza.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda. Katika sura ya 3, aya ya 42, malaika wanamwambia Maryamu kwamba Mungu amemteua na amemtakasa. Kitenzi ndicho kilekile, kutakasa. Pamoja na hayo husikii Mwislamu akisema "Mtakatifu Maria". Atasema Bi Maryamu, na amani ya Mungu iwe juu yake. Kutakaswa ni tendo la Mungu kwa mja. Cheo cha kubandika mbele ya jina hakikufuatana nalo.

Tumalizane na mtakatifu, tumtafute walii.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa harusini Mlandege, Iringa, nikakaa mkekani na jirani yangu mmoja Mkristo aliyekuwa hajawahi kuhudhuria ndoa ya Kiislamu. Shehe akafungua daftari, akavaa miwani, akauliza: "Walii yuko wapi?" Jirani akanigusa kiwiko. "Kumbe kuna walii humu?" Akainuka mzee mfupi aliyevaa sweta la kijani juu ya kanzu, maana baridi ya Juni haina harusi. Alikuwa baba mdogo wa bibi harusi. Babake mzazi alishafariki. Jirani yangu alimtazama yule mzee kwa unyenyekevu mpaka pilau ilipofika ndipo nikamweleza. Walii wa ndoa ni yule ndugu mwenye mamlaka ya kumwozesha binti. Si lazima awe mcha Mungu kupita wenzake. Yule wa sweta, kwa bahati, nilimfahamu.

Lakini jirani hakupotea mbali, kwa kuwa ni neno moja. Mzizi wake wa Kiarabu, wa herufi waw, lam na ya, una maana ya kuwa karibu, kupakana. Na aliye karibu nawe ndiye anayekusimamia, anayekulinda, anayekuwa rafiki yako. Mzizi huu umeingia Kiswahili kwa milango mingi, nasi tunautumia kutwa bila kujua. Liwali, mtawala wa miji ya pwani enzi za zamani, ametoka humo. Kutawala kumetoka humo. Mola ametoka humo. Na wilaya, Mwalimu, ndiyo hiyohiyo! Kila unapopita ofisi ya Mkuu wa Wilaya unapita mbele ya binamu wa walii. Vitabu vya Kiarabu hupenda kutenganisha wilaya ya mamlaka na walaya ya ukaribu kwa irabu ya mwanzo, ingawa Waarabu wenyewe huzichanganya. Tena soma kichwa cha habari cha kawaida kabisa, "Mkuu wa Wilaya afanya ziara": ziara ndilo neno la kwenda kuzuru, na miongoni mwa Waislamu wa pwani ziara bila maelezo mengine mara nyingi ni kwenda makaburini kwa masheikh. Maulidi usiiingize katika ukoo huu. Hiyo ni ya kuzaliwa, mzizi mwingine.

Sasa aya yenyewe. Sura ya 10, aya ya 62 na 63, inasema kwamba mawalii wa Mungu hawana hofu wala hawahuzuniki, kisha inawaeleza ni akina nani: walioamini na wakawa wachamungu. Basi. Watafsiri wa Kiswahili hapo huandika "vipenzi vya Mungu", na ninawapa heko kwa kukikwepa chombo cha hatari, kwa kuwa "mpenzi wa Mungu" lingemfanya msomaji acheke. Kipenzi hupendwa na mkubwa wake. Mpenzi mmeshaonana naye kituo cha daladala. Tazama pia walivyolikwepa neno "watakatifu", nalo lilikuwa karibu mkononi. Hawakulichukua kwa sababu aya haisemi kwamba watu hao hawana doa. Inasema wako karibu.

Kama bado una shaka, waulize Waarabu. Miongoni mwao wamo Waislamu na Wakristo, na wote husema Kiarabu. Mkristo wa Misri au Lebanon akimtaja mtakatifu wa kanisa lake husema qiddis, neno lenye mzizi mmoja na Al-Quddus. Mwislamu akimtaja mtu wake husema wali. Lugha moja, maneno mawili, na hawabadilishani. Pamoja na hayo, wafuasi wa tarika, yaani njia za ibada za Kisufi, wana dua ya kumwombea shehe wao aliyefariki, kwamba Mungu aitakase siri yake. Na hapo mzizi wa utakatifu unarudi, lakini unarudi kama maombi kwa Mungu. Mtu mwenyewe hapewi.

Tofauti inayomkosesha mwanafunzi wako iko hapa: nani anasema. Katika Uislamu hakuna ofisi ya kutangaza walii. Hakuna faili, wala mwaka wa kutangazwa. Shehe Abdulkadir Jailani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166, anaitwa walii na mamilioni ya watu, wakiwemo wa tarika ya Kadiria hapa Tanzania, kwa kuwa wanafunzi walisema na wanafunzi wa wanafunzi wakaendelea kusema. Rabia wa Basra, mwanamke wa karne ya 8, hali kadhalika. Habib Swaleh aliyeanzisha msikiti wa Riyadha kule Lamu, watu wa pwani hawakungoja barua. Kwa hiyo usiandike kamwe "alitangazwa walii". Andika "anahesabiwa kuwa walii", au kama wasemavyo wenyewe, "watu wanamwitakidi". Kitenzi hicho, kuitakidi, kina imani ndani yake na kinamwachia Mungu neno la mwisho.

Kuhusu ugomvi, upo, nami sitaufunika. Wapo Waislamu wanaozuru makaburi ya mawalii, wakasoma dua na kuomba kwa heshima yao, jambo liitwalo tawasuli. Wapo wanaosema huko ni kumshirikisha Mungu, na kwamba kaburi huzuriwa kwa kumbukumbu ya mauti tu. Yawezekana walimu wako wawili wamekaa pande hizo mbili. Lakini sikiliza wanachogombania: kaburi, dua, sherehe. Neno walii lenyewe hakuna anayelikana, kwa sababu yule anayepinga ziara naye huisoma aya ileile. Tena hadithi ya Mungu, yaani maneno Yake yaliyosimuliwa na Mtume, iliyomo ndani ya mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari, kwamba anayemfanyia uadui walii Wangu nimemtangazia vita, inasomwa na pande zote. Wanatofautiana walii afanyiwe nini baada ya kufa.

Neno jingine litakalokusumbua kwenye insha hizohizo ni muujiza. Hapo Mbeya mabango ya mikutano ya injili humwalika kila mpita njia akapokee muujiza wake. Mwanachuoni wa Kiislamu hutumia muujiza kwa mitume peke yao. Ajabu inayotokea kwa mkono wa walii huitwa karama. Kwa Mkristo, karama ni kipawa cha Roho, kama kuhubiri au kuponya. Neno lilelile, na kila mmoja atakuapia kwamba ndiyo maana pekee. Mtoto akiandika "muujiza wa walii", usimnyang'anye alama ya Kiswahili, bali mwandikie "karama" pembeni.

Shahidi, kwa upande mwingine, ni neno la wote: la msikitini, la kanisani na la mahakamani. Nisikucheleweshe nalo.

Sasa daftari. Futa ulichoandika pembeni, kwani nacho kinapotosha: anayekisoma atadhani Uislamu hauna watu wanaoheshimiwa kwa ukaribu wao na Mungu. Lakini sentensi ya mtoto nayo isiachwe ilivyo. Mrekebishie hivi: "Waislamu wana mawalii, watu wanaoaminiwa kuwa vipenzi vya Mungu." Hali yenyewe iitwe uwalii. "Mtakatifu wa Kiislamu" hufaa mahali pamoja tu, unapomwelezea mtu asiyejua lolote, na hata hapo litumie mara moja kisha uliache.

Upatanisho wa sarufi ni wa mtu: walii yule, mawalii wale. Usikubali "walii ile" au "mawalii yale", japo wingi wake umevaa ma-. Fanya kama unavyofanya kwa masheikh na maimamu. Na tahajia ni i mbili mwishoni. Ya i moja hupakuliwa kwa upawa.